Arobaini ya Mjomba Likwata

Laurenti alikuwa na ugonjwa wa kumuuliza mtu maswali akiwa anafua. Tulikaa chumba kimoja chuoni Dar es Salaam, mwaka wa mwisho, wote wawili tukisoma uchumi. Kila Jumamosi nikiinamia karai langu, yeye anapindua ndoo, anaikalia, anamenya chungwa, halafu anaanza kunihoji. Jumamosi moja akasema, "Ismaili, hivi wewe unasomea nini?"

"Uchumi, kama wewe. Umelewa?"

"Si hivyo, bwana. Ukimaliza unataka nini?"

Darasani swali hilo lilikuwa na jibu moja tu na sote tulilijua: kulitumikia taifa. Ukijibu vingine wenzako wanaguna. Miaka ile ya ujamaa hata aliyekuwa akiota gari usiku, mchana alisema anaota jembe. Lakini pale kwenye karai mhadhiri hakuwepo, basi Laurenti akasema lake bila haya. Kwao Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, baba yake alikuwa amempimia kipande cha shamba la migomba, na kaka zake walikwisha kujenga nyumba za matofali hapo jirani. Yeye alitaka kujenga kubwa kuliko zao. "Mzee apite njiani kifua mbele, watu wamwonyeshe kidole, ile ni ya Laurenti. Hayo ndiyo mafanikio, ndugu yangu, mengine hadithi tu. Haya, zamu yako."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nasoma ili siku moja niwe Likwata.

Alicheka mpaka chungwa likamponyoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, nikamrushia maji ya sabuni. Alipokwisha kujifuta nikamweleza polepole, maana niliona hajui chochote. Sisi Wamwera wa Lindi ukoo unakwenda kwa mama. Baba ni baba, tunampenda na tunamheshimu, lakini mwenye neno ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba ndiye anayeoza, ndiye anayesuluhisha, ndiye atakayefunga safari kwenda kukutetea ukionewa. Na akifa, jina lake haliendi naye kaburini. Siku ya arobaini mmoja wa wapwa zake anakalishwa mkekani, anavikwa kanzu na kofia ya marehemu, na tangu hapo yeye ndiye mjomba mwenyewe. Ndugu zake wa tumbo moja watamwita mjomba. Mama yake mzazi atamwita kaka.

"Mama yako akuite kaka?" Laurenti alinitazama kama anayetafuta dalili ya homa.

"Eeh. Na atalia akiniita, maana atakuwa anamwona ndugu yake."

Mjomba wangu aliitwa Likwata, na mjomba wake kabla yake alikuwa Likwata vilevile. Nilipochaguliwa kwenda sekondari yeye ndiye aliyenisindikiza kwa miguu kutoka Milola mpaka Lindi mjini, sanduku langu kichwani kwake, nami nyuma mikono mitupu. Njiani akaniambia, "Kasome, mwanangu. Likwata ajaye asiwe mjinga kama mimi. Awasimamie watu wetu huko maofisini, asidanganywe." Sikuwahi kuwa na sababu nyingine ya kufungua kitabu. Usingizi ukinizidi maktabani nilikuwa nakumbuka lile sanduku.

"Kwa hiyo digrii yote hii unaipeleka kijijini ukaitwe mjomba," alisema Laurenti. "Si ungeniambia mapema? Mimi ningekuita hapahapa, bure."

Ndivyo alivyoanza kuniita mjomba kwa mzaha, na bweni zima likamfuata. Mjomba, nipe chumvi. Mjomba, umeshamaliza gazeti? Nilikuwa nacheka nao kwa meno. Moyoni nilikuwa nachomwa, wallahi, kwa sababu jina lile walilichezea kama mpira.

Nilidhani Theresia angenielewa. Theresia alikuwa Mmakonde wa Newala, darasa letu moja, na Wamakonde nao ukoo wao ni wa mama. Tena nilimpenda, niseme tu, ingawa sikuwa nimemwambia. Nilimfuata kantini nikamweleza, nikitarajia atanishika mkono. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi ninaye mjomba," alisema. "Nilipomaliza darasa la nane alikuwa ameshakubaliana na mwanamume mmoja wa makamo, mwenye mke. Masista wakaniweka bwenini kwao mpaka shule zilipofunguliwa. Mimi nasoma ili mjomba asinifikie, Ismaili. Wewe unasoma ili uwe yeye."

"Mjomba wangu si mtu wa namna hiyo."

"Wa kwangu naye alikuwa mpole mpaka siku ile."

Nikaondoka kantini na chai yangu sijaimaliza. Yule wa Kilimanjaro ananiona mshamba, na huyu wa kusini mwenzangu ananiona adui. Chuo kizima kilijaa watu, tunapanga foleni ya chakula mpaka nje, na mimi sikuwa na mtu hata mmoja wa kukaa naye nikasema neno la kwetu likaeleweka. Upweke wa kijijini naujua, una sauti za kuku na watoto. Ule wa chuoni ulikuwa na kelele za watu wazima wanaocheka, na ulinitesa zaidi.

Mjomba alifariki mwezi wa pili. Nilisikia redioni. Tulikuwa tunakula ugali na maharage, redio ya ukumbini inasoma matangazo ya vifo, na hakuna aliyekuwa anasikiliza, mpaka nikasikia Milola. Mzee Likwata wa Milola, Lindi, amefariki dunia. Habari zimfikie Ismaili, mwanafunzi, popote alipo. Basi, msomaji akaendelea na marehemu mwingine wa Tabora. Kijiko kilinibaki mkononi. Watu walikuwa wanagongagonga sahani, mtu mmoja anasimulia mpira, na mimi nikaanza kulia mbele yao.

Laurenti alikuja akakaa karibu. "Pole. Nani wako?"

"Mjomba."

"Aa, pole sana," akasema, kama unavyompa pole mtu aliyejikwaa, kisha akanimiminia maji. Hakukusudia ubaya. Kwao mjomba ni mtu wa kuja harusini.

Mazishi yalikwisha kupita. Iliyobaki ni arobaini, na nilipohesabu nikaona inaangukia wiki ileile ya mitihani ya mwisho. Nikaenda ofisi ya mitihani kuomba niahirishiwe. Nilimkuta bwana mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani, akanikaribisha kiti.

"Pole kwa msiba, ndugu Ismaili. Marehemu ni baba?"

"Hapana. Mjomba."

"Kaka yake mama." Akakuna kidevu. "Sheria inataja mzazi, mume au mke, na mtoto. Mjomba hayumo."

"Kwetu mjomba ndiye mzazi."

"Alikulea? Baba yako alikwisha kufariki?"

Alikuwa ananifungulia mlango, niliuona wazi. Ningeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha. Lakini nikasema, "Baba yangu mzima, analima ufuta." Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akanieleza kwa upole kwamba nisipofanya mtihani sitapata shahada mwaka ule, na nafasi ya kurudia mwaka si jambo la uhakika, akili zangu nizitulize.

Laurenti aliposikia alirusha mikono. "Si ungesema ni baba! Nani angekwenda Milola kukagua?"

"Nimwite mjomba baba? Nimshushe siku ya msiba wake?"

"Umshushe? Kumwita baba ni kumshusha?"

"Baba kwetu amekuja kuoa, Laurenti. Mjomba ndiye mwenyewe."

Alikaa kitandani. Safari hii hakucheka. "Mimi nikirudi nyumbani bila mtihani," alisema, "hata kama ni msiba wa nani, baba atanifukuza mbele ya waombolezaji. Atasema nimemuua mara ya pili huyo marehemu."

"Na mimi nisipokwenda, jina litakosa mtu."

Hatukuelewana, na tulikuwa tumekaa chumba kimoja miaka mitatu. Siku ya safari alinibebea mfuko mpaka kwenye malori ya kusini, akanipa koti lake la mvua, akaniambia mjomba safari njema, na mara hiyo hakuwa anatania. Theresia nilimuaga kwenye kibaraza cha maktaba. Alisema, "Wakishakuvika hiyo kofia usiniandikie," akarudi ndani kusoma.

Masika yalikuwa yamewahi. Kwenye kivuko cha Ndundu tulingoja mto Rufiji upungue, na tulipovuka lori likawa linazama kila baada ya kijiji. Asubuhi ya mtihani wa kwanza ilinikuta Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, nimekaa juu ya gunia la chumvi kwenye mkahawa wa makuti, mvua inanyesha, dereva amelala. Nilijua saa hiyohiyo Laurenti anaingia ukumbini na kalamu zake mbili. Nilijua kiti changu kiko wapi, mstari wa dirishani. Nilijiuliza kama kitaachwa wazi au kitaondolewa. Nilitamani mno mtu wa kuzungumza naye, yeyote, hata wa kugombana naye.

Mama muuza chai akanitazama. "Unakwenda wapi, mwanangu, na uso huo?"

"Lindi. Kurithi."

"Loh! Mtu anakwenda kwenye urithi analia?" Akaniongezea kitumbua bila kuniuliza. "Kula. Urithi hauliwi na njaa."

Nikala. Nikajiambia, Ismaili, umeshachagua, na mtu akichagua atulie. Mitihani watafanya wengine. Likwata ni mmoja tu. Nikajipa matumaini hivyo mpaka dereva akaamka, na tulipovuka mto Mbwemkuru nilikuwa nimeanza hata kupanga nitakavyosema mkekani.

Nilifika Milola siku moja kabla ya arobaini, na nikapotea. Nasema kweli, nilipotea kijijini kwetu. Sikuwa nimekwenda tangu Operesheni ya kuhamia vijijini, maana likizo zote chuo kilitupeleka kwenye utafiti mikoa mingine. Nyumba yetu ya zamani, kule kwenye mikorosho ya mjomba, haikuwa na mtu. Watu wote walikuwa wamepangwa kando ya barabara kwa mistari, nyumba zote zinafanana. Ilinibidi nimsimamishe mwanamke na debe lake la maji nimuulize nyumba ya mama yangu. Akanionyesha. "Ile pale, mgeni, aliyojenga Abdurahmani."

Abdurahmani ni mdogo wangu. Alimaliza darasa la saba akabaki nyumbani. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda baiskeli.

Mama aliponiona alipiga ukelele, tukakumbatiana, tukalia. Baba alikuwa bado shambani kwenye ufuta wake. Kisha mkeka mpya ukatandikwa, kuku akakimbizwa, nikaletewa maji ya kunawa na sinia langu peke yangu. Nilitaka kuwaambia mimi si mgeni, lakini nilikuwa sijui hata choo kiko upande gani.

"Mitihani imewahi kwisha, sifa zote za Mungu," mama alisema, na kabla sijafungua kinywa akaendelea. "Usiwe na wasiwasi na mambo ya kesho. Tulikaa kikao. Wazee walitaka kukuita, nikasimama mimi mwenyewe, mimi mwanamke, nikasema mwanangu asisumbuliwe! Marehemu alihangaika asome, basi aachwe asome mpaka mwisho, awe mtu mkubwa huko serikalini. Kumfunga kijijini ni kumwonea. Nikagombana nao, we! Mpaka wakakubali. Jina tumempa Abdurahmani." Akajipiga kifua. "Nimekupigania, mwanangu."

Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Mimi nilikuwa na mfupa wa kuku mkononi, nikaendelea kuutafuna, kwa sababu ningeuacha ningepiga kelele.

Nilimfuata dada yangu Adija jikoni. Nilimwambia kwa hasira, "Hakuna hata mmoja aliyefikiri kuniuliza mimi?"

Adija hakuacha kupembua mchele. "Tukuulize wapi? Operesheni ilipokuja, mjomba alikuwa hawezi kutembea. Abdurahmani alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa kanga yangu asianguke, akamsukuma mpaka hapa. Akajenga hii nyumba, akajenga ya kwangu, maana mume wangu amekwenda zake unajua. Mjomba alipougua tumbo ni Abdurahmani aliyekuwa akimfulia. Wanangu wakiumwa ndiye anayewabeba mpaka zahanati." Akapuliza makapi. "Hatukusema ili ukasirike. Tulijua una mambo makubwa."

Nilikuwa nimesoma miaka yote ile ili niwe Likwata, na mwenzangu alikuwa ameshakuwa, bila mtu kumwita. Lakini nisiwadanganye, bado nililitaka. Nililitaka jina lile kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa sikuwa na kingine. Nilijua nikisema tu, "Nimeacha mtihani kwa ajili yake," kikao kingefunguliwa upya. Mimi ndiye mkubwa. Haki ilikuwa yangu.

Asubuhi hitima ikasomwa, fatiha ikasomwa, watu wamejaa mpaka barabarani. Mzee Fakihi, aliyekuwa ndugu wa mbali wa marehemu, akamkalisha Abdurahmani mkekani na kukunjua ile kanzu. Niliijua kwa kiraka cha kwapani. Akasema kwa Kimwera kwamba mwenye neno aseme sasa, maana jina likishavaliwa halivuliwi. Kisha akanigeukia. "Mkubwa yupo. Namshukuru Mungu amefika. Kwa desturi mkubwa akirukwa, mkubwa atoe kauli."

Wote walinitazama. Abdurahmani hakunitazama, alikuwa anaangalia mikono yake, na ilikuwa na sugu za jembe mpaka kwenye vidole vidogo. Watoto wa Adija walikuwa wamekaa ubavuni mwake, mmoja amelala na mdomo wazi kwenye paja lake. Mama alikuwa ananiashiria kwa kichwa kunihimiza, anatabasamu, hana wasiwasi hata kidogo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilifikiri, nikiyasema, mama atajua alichonifanyia kwa mapenzi yake, na hatakaa ajisamehe. Na huyu mtoto aliyelala ataamshwa ahamie kwa mjomba asiyejua jina lake. Nilikuwa sijui jina lake, kweli.

"Sina neno," nikasema.

Wakamvika kanzu, wakamvika kofia, mzee Fakihi akampaka unga wa mtama kipajini. Vigelegele vikapasuka. Mama ndiye aliyetangulia, akapiga magoti mbele ya mwanawe wa mwisho, akasema, "Kaka," akalia kama nilivyokuwa nimemwambia Laurenti atakavyolia. Aliyefuata alipaswa kuwa mpwa mkubwa.

Nikaenda. Nilichuchumaa, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Abdurahmani akakaa sawasawa, akaweka mkono wake kichwani kwangu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mdogo wangu.

"Marahaba, mwanangu. Mitihani yako je?"

Nyuma yangu mama alinyamazisha watu wasikie jibu.

"Nimemaliza, mjomba. Nimemaliza salama."

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na vigelegele vikaanza upya, safari hii vya kwangu. "Basi usikae sana huku, kazi zinakungoja. Kesho kutwa lipo lori la Lindi, nitakusindikiza. Wewe nenda, mpwa wangu. Huku sisi tupo."

Nikamjibu, ndiyo, mjomba.